Solo Ninayoijua kwa Ghibu

Nilikuwa nimefumba macho. "So What", kibao cha jazz cha Miles Davis, ilikuwa imeshapita ile dakika yake ya mwanzo, piano na besi vinanong'onezana bila mapigo, kisha besi ikauliza swali lake na wenzake wakaitikia kwa noti mbili. Mimi nikakaa mkao wa kungoja. Sekunde ile naijua. Jimmy Cobb wa dramu anapiga toazi moja zito, toazi linalia na kubaki linaelea hewani, na chini yake Miles Davis anaingia na tarumbeta kwa noti chache tu, kama mtu anayeingia chumbani bila haraka.

Safari hii mimi niliingia kabla yake.

Nilikuwa naiimba midomo ikiwa imefungwa, mm-mm, nusu pigo mbele ya tarumbeta, na wala sikujua kama nafanya hivyo. Nadhani nimekuwa nikifanya hivyo kwa miaka. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa amejilaza sakafuni na simu yake akijifanya hasikilizi, akainua kichwa.

"Shangazi, kwani huyu si anatunga papo hapo?"

Nikamwambia ndiyo, na hiyo ndiyo jazz yenyewe.

"Sasa kama unajua kila anachokuja kupiga, unasikiliza nini?"

Akarudi kwenye simu yake. Hakuwa na ubaya wowote, aliuliza tu kama wanavyouliza wenye miaka kumi na minne. Mimi ndiye niliyebaki na swali, na wiki ya sita hii bado ninalo.

## Muziki wa mara moja

Ningeweza kulipuuza. Kila mtu ana wimbo anaourudia mpaka majirani wanaujua, na hakuna anayemdai maelezo. Lakini wimbo wa kuimbwa umetungwa ili urudiwe, na kiitikio kipo kwa kazi hiyo. Shairi vilevile. Jazz inajisifu kwa kitu kingine: kwamba kinachopigwa usiku huu hakikupigwa jana na kesho hakitapigwa. Mpigaji anasimama, wenzake wanampisha, na anatunga solo yake akiwa amesimama palepale. Ni muziki wa mara moja.

Na mimi ile mara moja nimeikamata, nikaizungusha mara mia tano.

Kilichoniuma zaidi kipo kwenye jalada la sahani ya santuri yenye kibao hicho, Kind of Blue. Maelezo ya nyuma yaliandikwa na Bill Evans, aliyepiga piano humo. Anaufananisha upigaji wa namna hii na sanaa ya wachoraji wa Kijapani wanaochora kwa brashi juu ya karatasi nyembamba iliyotandazwa. Mkono ukisita, karatasi inachanika. Hakuna kufuta wala kurekebisha. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, nikayapenda, hata nimewahi kuwasomea wageni, na siku zote hizo sikuona kwamba yananisema mimi. Mchoraji yule hakuchora ili mtu aje apitishe kalamu juu ya mistari yake kila jioni.

## Wakubwa nao walirudia

Wiki ya kwanza niliitumia kujitetea, kimoyomoyo, mbele ya mtoto ambaye hata hakuwa anakumbuka ameuliza.

Utetezi wangu ulikuwa huu: wapigaji wenyewe walirudia kuliko mimi. Majira ya joto ya 1937, Charlie Parker, kijana wa saksafoni ambaye hakuna aliyekuwa anamtazamia makubwa, alikwenda kupiga muziki kwenye milima ya Ozark huko Missouri na kujifungia na sahani za bendi ya Count Basie ambazo Lester Young anapiga solo za saksafoni ndani yake. Alizisikiliza mpaka akazitoa kwenye sahani na kuziingiza vidoleni. Aliporudi mjini hakuwa mtu yule. Wes Montgomery naye alijifunza gitaa kwa kunakili solo za Charlie Christian kutoka kwenye sahani, noti kwa noti, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanda jukwaani, kuzipiga hizohizo na kushuka, kwa sababu hakuwa na kingine cha kupiga.

Muziki huu ulisambaa hivyo. Kabla ya vitabu vya mazoezi na kabla ya vyuo kuukubali, mwalimu alikuwa sindano ya gramafoni. Unapiga, unainua, unairudisha nyuma kidogo, unapiga tena. Sahani nyingi za wakati ule zilikwisha kwa kuchimbwa mahali pamoja.

Niliuona utetezi mzuri kabisa mpaka nilipomsikia mtoto, kichwani mwangu, akiuliza la pili. Hao walikuwa wanajifunza. Wewe unajifunza nini?

Mimi sipigi ala yoyote. Nilijaribu piano nikiwa mkubwa, nikaishia kuweka majalada juu yake.

## Saruji

Wiki ya pili ikawa mbaya zaidi, maana nilianza kuwaza hasara ambayo watu wa aina yangu tumewatia wapigaji.

Mwaka 1942 Illinois Jacquet, kijana wa miaka 19, alipiga solo ya saksafoni kwenye "Flying Home" na bendi ya Lionel Hampton. Aliibuni palepale. Sahani ikavuma, watu wakaikariri, na tangu hapo solo ile ikawa sehemu ya kibao. Jacquet alipoondoka, aliyekalia kiti chake alitakiwa kuipiga. Fikiria shughuli hiyo: unaajiriwa kwenye bendi ya muziki wa kubuni, na kazi yako ni kubuni alichokwisha kubuni mwenzako.

James Moody naye. Mwaka 1949, akiwa Stockholm, alipiga, kwa saksafoni ya kuazima ambayo si aina aliyoizoea, wimbo wa mapenzi uliokuwa ukijulikana sana. Ni solo iliyotoka kwa bahati tu. Eddie Jefferson akaiwekea maneno, noti kwa noti, King Pleasure akaiimba kwenye sahani mwaka 1952, na Moody akaishi maisha yake yote akiombwa ile ile. Naipenda "Moody's Mood for Love", wimbo uliozaliwa hivyo, nisikatae. Lakini nikiisikiliza siku hizi nasikia saruji ikikauka.

Na nani aliyeikoroga saruji hiyo? Si wapigaji. Ni mimi niliyekaa kitini nikisema mm-mm, na anayethubutu kupiga vingine namkunjia uso. Niliwahi kuondoka kwenye onyesho nikilalamika kwamba mpigaji "ameharibu" kibao ninachokipenda. Sasa nakumbuka kwamba hakukosea hata noti moja. Alipiga yake tu.

Kuanzia hapo sikuweka sahani. Siku tisa nzima.

## Kanda iliyojikokota

Siku ya kumi niliiweka, lakini kwa hila. Kuna jambo nililokuwa nalijua siku nyingi na kulifunika, kama mtu anayejua saa yake ya ukutani inakwenda mbele ila anaipenda hivyohivyo.

Tarehe 2 Machi 1959, kwenye studio ya kampuni ya Columbia ya mtaa wa 30 jijini New York, jengo lililokuwa kanisa kabla ya kuwa studio, Miles na wenzake walirekodi vibao vitatu vya upande wa kwanza wa sahani hii. Mashine kuu ya kurekodi siku hiyo ilikuwa inajikokota. Haikusimama wala kukwama, ilikwenda polepole kidogo kuliko inavyopaswa. Sasa kanda iliyorekodiwa polepole, ukiipiga kwa mwendo sahihi, muziki unakimbia na sauti zote zinapanda. Kidogo tu. Huwezi kugundua ukiwa umekaa kitini, ila ukikaa kwenye piano na kujaribu kufuatana nao, noti unayoitafuta ipo kati ya vidole viwili, haipo kwenye funguo.

Sahani zikachapwa hivyo zaidi ya miaka 30. Toleo lililonyooshwa lilitoka 1992, baada ya kurudi kwenye kanda ya mashine ya pili iliyokuwa ikirekodi pembeni, hiyo ikiwa na mwendo wake sawa.

Sahani yangu ni ya chapa ya zamani.

Maana yake ni nini? Ile mm-mm yangu niliyoikariri kwa miaka, na kujivunia kwamba naianza kwenye noti yake bila kusaidiwa, iko kwenye sauti ambayo hakuna mtu aliyeipiga kwenye studio ile. Nimekariri alichopiga Miles pamoja na kosa la mota.

Nilikuwa naogopa toleo lililonyooshwa. Jioni hiyo nikalitafuta na kuliweka. Mara ya kwanza niliona wamechoka. Kila kitu kipo mahali pake lakini kizito, kama umerudi nyumbani ukakuta mtu amesogeza viti vyote shubiri moja. Nikakasirika, nikazima kabla John Coltrane wa saksafoni hajaanza. Mara ya pili nilivumilia mpaka mwisho.

Mara ya tatu ndipo yakanikuta. Toazi la Cobb likalia, na mimi, kama kawaida yangu, nikaingia. Mdomo wangu ukafika. Miles hajafika.

Nikanyamaza. Nikamngoja.

Lilikuwa pengo dogo sana, sijui hata kama lingepimika. Lakini katika pengo lile niliingiwa na kitu ambacho kwenye solo hii nilikuwa sijakionja tangu nikiwa kijana: sikuwa na hakika. Anakuja? Anakujaje? Halafu akaja, chini kidogo ya nilipokuwa nimemwekea kiti, na chini yake besi ya Paul Chambers ikasikika ya mti kuliko nilivyowahi kuisikia.

Najua mtu atasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwamba hata hiyo nikiizoea itakuwa yaleyale. Nililifikiria hilo. Ni kweli, na imeshaanza kuwa. Na kusema ukweli, nikiwa nimechoka na sitaki mitihani, bado naweka ile yenye kosa. Nimeshaacha kuomba radhi kwa hilo.

## Waliokuwepo

Hata hivyo, swali la mtoto lilibeba dhana ambayo sikuihoji kwa karibu mwezi mzima: kwamba kusikia mara moja, ukiwa palepale, ndiko kusikia kwenyewe, na kwamba sisi wa sahani tunakula makombo.

Basi tuwatazame waliokuwepo.

Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la jazz la Newport huko Marekani, kiongozi wa bendi Duke Ellington alimwachia nafasi mpiga saksafoni wake Paul Gonsalves katikati ya "Diminuendo and Crescendo in Blue". Gonsalves akaanza solo juu ya mzunguko uleule wa kibao, akaurudia na kuurudia. Mzunguko wa tano, wa kumi, watu wakaanza kusimama, mwanamke mmoja akaanza kucheza, Ellington anamhimiza kwa sauti, na jamaa hakuacha mpaka mzunguko wa 27. Hapo nakiri: ningetoa vingi niwe mmoja wao. Sisi wa sahani tuliletewa kitu kingine. Gonsalves alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni siyo. Ile aliyoichagua ilikuwa ya redio ya Voice of America, si ya Columbia waliokuwa wakirekodi sahani, kwa hiyo solo iliyoamsha umma mzima inasikika kama inatoka chumba cha pili. Vibao vingine vya usiku ule vilirudiwa studio na kelele za watu zikabandikwa juu. Kwa miaka zaidi ya arobaini tulishangilia pamoja na makofi ambayo mengine hayakupigwa kwa muziki ule. Kanda ya redio ilipopatikana, zikaunganishwa na toleo kamili likatoka 1999, saksafoni ikiwa karibu hatimaye.

Hapo waliokuwepo wametushinda. Hakuna ubishi.

Lakini sikiliza kile kikundi cha watatu cha Bill Evans kwenye Village Vanguard, ukumbi ulio chini ya ardhi jijini New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961. Evans kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi, Paul Motian kwenye dramu. Ni muziki wa watu watatu wanaozungumza bila yeyote kumkatiza mwenzake. Na chini yake, muda wote, kuna glasi zinagongana. Kuna mtu anacheka. Kuna meza ina mazungumzo yake na haiko tayari kuyaacha.

Siku kumi na moja baadaye LaFaro alifariki katika ajali ya gari. Alikuwa na miaka 25.

Wale wa kwenye meza ile waliusikia muziki huu inavyotakiwa: mara moja, ukitungwa mbele ya macho yao. Na walikuwa wanapiga soga. Siwalaumu, walidhani kwamba siku nyingine watakuwepo tena, na kikundi kitakuwepo. Mimi ninayejua kwamba hakitakuwepo, ninayejua hata ni sekunde gani ile glasi inagonga, ndiye ninayesikia kila kidole cha LaFaro. Zamani nilikuwa nakereka na kicheko kile. Siku hizi kisipokuja nadhani nimeweka sahani nyingine.

## Tk

Kuna jambo dogo nataka kuliweka hapa ingawa halina uhusiano mkubwa.

Kwenye A Love Supreme yangu, sahani ya Coltrane, pana mkwaruzo. Niliufanya mwenyewe kwa mkono wa haraka, nikijaribu kumwonyesha mtu sehemu moja tu. Uko mwanzoni, pale Jimmy Garrison anapoanza zile noti zake nne za besi. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo mkwaruzo unarudi kila baada ya sekunde 1.8. Tk. Tk. Haulingani na mapigo ya besi hata kidogo. Unapishana nayo, unaikaribia, unaiacha.

Coltrane na wenzake waliirekodi sahani ile nzima siku moja, tarehe 9 Desemba 1964, katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, mtu aliyekuwa na sifa ya usafi wa sauti kiasi cha kuvaa glovu akigusa mitambo. Nami nikamwongezea mpiga ala wa tano.

Nina nakala safi. Nikiiweka, masikio yanaitafuta ile tk, na katika kuitafuta yanakaa macho kuliko siku zote.

(Kwa wale ndugu zangu wanaopima nyaya na uzito wa sindano ili sauti itoke safi: najua, najua. Mmeshaniandikia.)

## Majaribio mawili

Kilichonipa ahueni kilitoka kwenye sahani ambayo kwa miaka niliisikiliza nusu.

Tarehe 28 Oktoba 1947 Charlie Parker alirekodi "Embraceable You" mara mbili, siku hiyohiyo, watu haohao, Miles Davis akiwa kijana wa tarumbeta pembeni. Majaribio yote mawili yamehifadhiwa, na kila moja halifiki dakika nne, maana sahani za siku zile hazikuwa na nafasi zaidi. La kwanza ndilo nililolikariri. Anaanza na kipande cha noti sita, anakirudia akiwa amekipindua kidogo, anakishusha, anakirudia tena, kama mtu anayekumbuka jina la mtu kwa kulitamkatamka. Wimbo wenyewe wa Gershwin anaupita kwa mbali, karibu hausikiki.

La pili nilikuwa naliruka. Nililiona rasimu.

Usiku mmoja wa wiki ya tano niliyaweka yote mawili mfululizo, nikijilazimisha. Hakuna kipande cha noti sita. Parker anaanzia pengine kabisa, anaelekea pengine, na mahali pale nilipokuwa nimeshafungua mdomo kusema mm-mm, yeye amenyamaza kuvuta pumzi. Ni mtu yuleyule, wimbo uleule, saa ileile. Nikarudi kwenye la kwanza, lile langu, na likawa limebadilika. Kila noti niliyoijua sasa ilikuwa na nyingine nyuma yake ambayo ingeweza kuwa hapo. Zile sita za mwanzo zilikuwa nyimbo za kanisani kwangu, zimepangwa tangu milele. Usiku ule nikazisikia zikiamuliwa.

Najua alichochagua. Alichokiacha sikijui, na kadiri ninavyokijua vizuri alichochagua ndivyo ninavyokisikia kilichoachwa kikipita karibu.

Sidai kwamba hili ni jibu kamili kwa mtoto. Kuna jioni nyingi ambazo sisikilizi chochote cha namna hiyo, nataka tu kukaa na watu ninaowafahamu. Ila nilipofika hapo nilijua cha kumwekea akija tena.

## Hiyohiyo

Alikuja Jumamosi. Nikamwambia leo tunasikiliza kibao kimoja mara mbili, na simu iwe kifudifudi. Akanitazama kama nimempa adhabu.

Kwanza nikampigia "Flamenco Sketches" kutoka kwenye sahani ya Kind of Blue, ya mwisho upande wa pili. Nikamweleza utaratibu wake: hakuna wimbo uliotungwa humo, kuna ngazi tano tu za sauti, na kila mpigaji anakaa kwenye ngazi moja mpaka aridhike, kisha anahamia inayofuata. Halafu, kwa spika ileile, nikaweka jaribio lingine la kibao hicho, ambalo halikuwemo kwenye sahani ya awali na lilitolewa miaka mingi baadaye. Watu walewale, ngazi zilezile.

Alisikiliza la kwanza akiwa amelala chali. Kwenye la pili, dakika ya kwanza haijaisha, akakaa.

"Hapa kabadilisha."

Nikamwambia hakubadilisha, hili ndilo lililotangulia kupigwa.

Akanyamaza kidogo akipiga hesabu. "Kwa hiyo alipokuwa anapiga hili, lile la kwenye sahani lilikuwa bado halijakuwepo."

"Halikuwepo."

"Lipo la tatu?"

"Kamili ni hayo mawili tu."

Cannonball Adderley wa saksafoni alikuwa kwenye zamu yake, akikaa kwenye ngazi moja kwa muda mrefu kuliko mtoto alivyotarajia, nikamwona anasubiri ahame. Hakuhama. Akahama. Mtoto akacheka peke yake.

Kilipoisha akaniuliza, "Na ile yako ya mm-mm? Nyingine yake ikoje?"

Nikamwambia haina nyingine. Walianza wakakatiza, wakaanza tena, na walipofika mwisho ikawa ndiyo hiyo. "So What" ya siku ile ilipigwa nzima mara moja tu.

Akalitazama jalada muda mrefu, mbele na nyuma, kama anatafuta mahali palipoandikwa vingine.

"Basi weka hiyohiyo."

Nikaigeuza sahani, nikaipangusa vumbi, nikashusha sindano. Yeye alikuwa ananitazama mdomo, si spika. Nikaubana. Piano na besi vikanong'ona, besi ikauliza, wenzake wakaitikia.

Nilivumilia mpaka kwenye toazi.